Pointi ya Stoo

Ijumaa, saa nne na dakika kumi asubuhi, simu iliyowekwa juu ya stuli katika stoo ya nyuma, ghorofa ya nne, ilionekana kwenye kompyuta ya Paskalina kuwa iko ghorofa ya tatu.

Paskalina aliisogeza stuli hatua mbili, akapima tena. Ya tatu. Aliandika jibu kwenye jedwali, kisha akaketi juu ya belo la mitumba. Ilikuwa siku ya tisa ya kupanda na kushuka ngazi za jengo lile la Kariakoo. Lifti ilikuwa ya mizigo, na makuli hawakumwachia nafasi.

Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Mtu akipiga simu ya dharura akiwa ndani ya jengo, waokoaji wajue yuko ghorofa gani na upande gani. Setilaiti hazisaidii chini ya sakafu nane za zege, na mnara wa simu unaujua mtaa tu. Kwa hiyo Paskalina alikuwa amebandika ukutani vijisanduku vyeupe sitini, kila kimoja kikirusha mawimbi yake. Simu huvisikia, na kwa kulinganisha nguvu ya kila kimoja, kompyuta hukadiria mahali ilipo. Mteja alitaka majaribio ya pointi ishirini, yafanyike saa za biashara, na ghorofa iwe sahihi kwa zote. Ripoti ifike saa saba mchana. Jengo likifaulu, kampuni ndogo ya Ronak pale Posta ingepewa mengine kumi na mawili. Lisipofaulu, mkataba wa Paskalina ulikuwa unaisha Jumatatu.

Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa, alikuwa amepata ishirini kwa ishirini. Leo alikuwa na kumi na saba.

Pointi mbili kati ya zilizokosewa zilikuwa jirani na duka la vitenge la Anifa. Paskalina alikwenda kuutazama ukuta. Kijisanduku hakikuwepo.

"Anifa, kile kitu cheupe kiko wapi?"

"Kamera yako? Waliiziba na mabelo, nikaionea huruma. Nimeihamishia huku itazame droo. Kuna mteja wangu mmoja vidole vyake vyepesi."

"Siyo kamera."

"Siyo kamera! Na mimi tangu Jumanne namwambia, 'unaonekana, mama, unaonekana!'"

"Ameacha?"

"Ameacha."

"Basi mwambie iko kwa fundi."

Alikirudisha ukutani, juu ya mabelo, akapima. Pointi zote mbili zikakaa sawa. Kumi na tisa.

Stooni alimkuta Shaibu, msimamizi wa makuli, mtu wa miaka sitini na ushee, akifuta shingo kwa kipande cha fulana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Bado unaitafuta ghorofa ya nne? Sema tukupeleke, sisi tunaijua."

"Haya mabelo yanaingia lini?"

"Jumanne na Alhamisi. Jumapili hapa unacheza mpira."

Paskalina aliyatazama. Yalikuwa yamepangwa hadi dari, kati ya stoo na korido, na yaliyafifisha mawimbi ya ghorofa ya nne. Nyuma kulikuwa na dirisha lililoelekea kwenye uwazi wa katikati ya jengo, na humo mawimbi ya ghorofa ya tatu yalipanda bila kizuizi. Simu iliisikia ya tatu vizuri zaidi. Ramani ya mawimbi aliichora mwenyewe Jumapili, jengo likiwa tupu, kwa sababu Jumapili hakuna msukumano. Kosa lilikuwa lake.

Dawa ilikuwa kuweka kijisanduku kimoja ndani ya stoo na kuipima upya ghorofa nzima mabelo yakiwemo. Vijisanduku vilikuwa vimekwisha. Vingine vingefika Jumatano.

"Kwa hiyo nikidondoka hapa nikapiga simu," Shaibu aliuliza, "watanikuta?"

"Wataenda ya tatu."

"Ya tatu kuna viatu vya watoto. Watakaa huko wanapatana bei."

Saa sita na dakika arobaini alimpigia Ronak.

"Iondoe stoo," Ronak alisema. "Hiyo pointi iweke kwenye korido."

"Stooni wanafanya kazi watu tisa."

"Basi tuma ya Jumapili. Si umeipata mwenyewe?"

"Mteja ameandika saa za biashara."

"Nina watu sita wa kulipa, Paskalina. Sikwambii udanganye."

"Unaniambia nini?"

"Nakwambia nimechoka."

"Hata mimi, bosi."

Simu ilikatwa.

Alipima stoo mara tatu zaidi. Ya tatu, ya tatu, ya tatu. Kwenye ripoti aliandika: kumi na tisa kati ya ishirini. Sababu: ramani ilipimwa jengo likiwa tupu, kosa la mpimaji. Ombi: kijisanduku kimoja na siku tano. Aliituma kwa mteja, nakala kwa Ronak, saa saba kasoro dakika mbili.

Saa nane kasoro robo jibu la mteja liliingia. Jengo halikufaulu, na muda hautaongezwa. Saa nane kasoro dakika kumi Ronak aliutuma ujumbe huo kwa wafanyakazi wote sita, bila kuongeza neno.