Binti wa Getini

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sawa, lakini wahenga hawakuwahi kuuza gemu la simu Tunduma. Tuntufye alilimaliza gemu lake, akaliweka bure kabisa kwenye duka la mtandaoni, akabandika picha stetasi, akangoja. Marafiki wakamwagia makofi na mioyo. "Hongera kaka, tunakuona mbali!" Kupakua sasa, hakuna. Hata mdogo wake wa tumbo moja kule Mbebe alisema eti simu imejaa.

Na gemu lenyewe lilikuwa tamu, jamani, tusimnyime haki yake. Unaendesha lori kutoka bandarini hadi mpakani, unakwepa mashimo, unapanda milima, unabanana kwenye foleni, na ukifika getini unamkuta binti wa kitenge cha njano amesimama na chupa ya chai. Akikuona anapunga mkono. Hapo umeshinda.

Binti huyo alichorwa na Fausta, na Fausta alijichora mwenyewe. Enzi hizo walikuwa wachumba, wanagawana sahani moja ya chipsi na kompyuta moja. Gemu likachelewa mwaka, likachelewa na wa pili. Kila Fausta alipouliza lini watakwenda kwao Isansa amtambulishe kwa wazazi wake, Tuntufye alijibu, "Tumalize gemu kwanza." Mwanamke gani atakubali kuzeekea kwenye "kwanza"? Akavuka mpaka, na namba yake haikupatikana tena. Tuntufye alisikia tu kwamba yuko Zambia, na Zambia si kijiji.

Basi akapata akili ya foleni. Malori hulala hapa yakingoja kuvuka, na dereva asiye na la kufanya atacheza chochote. Shida ni bando. Nani amalizie bando lake kwenye gemu la mtu asiyemjua? "Nirushie," alimwambia Salum, dereva wa makamo kutoka Tanga, na Tuntufye akamrushia, simu kwa simu, bila intaneti. Salum akamrushia mwenzake, mwenzake akamrushia utingo wake. Haukupita muda, foleni nzima ikawa inalia honi za kwenye simu.

Clever, aliyeshirikiana naye kibanda cha kutengeneza simu, alimshangaa.

"We jamaa, kila siku unawafuata wanaovuka tu. Wanaoteremka Dar huwaoni? Soko liko Dar!"

"Nao nitawafikia."

"Wapi! Mapenzi kikohozi, kaka, hayafichiki. Wewe huuzi gemu, unamtafuta mtu."

Tuntufye hakubisha. Alimkumbuka Fausta, na kila lori lililovuka alilisindikiza kwa macho. Alitaka Fausta ajue tu kwamba gemu limekwisha, kwamba ile "kwanza" imekwisha, na kwamba anaweza kurudi.

Salum aliporudi na mzigo wa shaba, alimfuata kibandani.

"Dogo, nimemwona binti yako wa getini."

Tuntufye aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Wapi?"

"Kapiri Mposhi, huko huko Zambia. Ana mgahawa, huwa tunakula kwake. Nilikuwa nacheza huku nangoja nshima yangu, ugali wa kule, akachungulia, akaninyang'anya simu. Akacheza mpaka mwisho. Wateja wanaita, hasikii."

"Akasemaje, kaka Salum?"

"Kasema gemu zuri, hongera sana. Ila yule binti umtoe. Ana mume na mtoto, hataki kuonekana anasubiri mtu."

Loo! Maneno mengine afadhali yapotelee njiani. Lakini Tuntufye hakuwa mtu wa kung'ang'ania cha mwenzake. Siku hiyo hiyo alimfuta binti, akasimamisha bendera mahali pake, akaweka toleo jipya dukani. Wale wachache waliokuwa wamelipakua baadaye wakalipata. Waliorushiana je? Kwao binti bado anapunga mkono, kutoka Tunduma mpaka Kongo. Ikabidi apite kwenye foleni, lori kwa lori: futa la zamani, nikurushie jipya.

"La bendera?" walimcheka. "Nisafiri kote huko nikasalimiane na bendera? Nenda zako!"

Akafika kwa Salum.

"Angalau wewe, kaka. Wewe ndiye uliyetumwa."

"Nilitumwa, na nimefikisha." Salum aliifunika simu yake kwa kiganja. "Mke wangu yuko Tanga, sijamwona tangu mwezi wa Ramadhani. Nikifika pale getini, anayenipungia mkono ni yeye. Kwako mtoe, dogo. Kwangu mwache."

Tuntufye alinyoosha mkono.

"Basi niazime," alisema. "Kwangu nimeshamfuta."

Salum akampa simu, akatazama pembeni. Tuntufye akaanzia bandarini, kama kila mtu.