Simu Iliyonipeleka Niliposema Nipo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanga foleni benki, hapa hapa Tanga. Mbele yangu mama mmoja anaongea na simu, benki nzima inamsikia.

"Mimi niko jikoni bwana, nakaanga vitunguu."

Kufumba na kufumbua, hayupo. Imebaki harufu ya vitunguu. Jamaa aliyemfuata akaiambia simu yake kwamba yuko kazini, naye akapotea. Foleni ikasogea vizuri sana. Siku zote nasema simu zimeleta maendeleo.

Ya kwangu ikalia. Alikuwa dada yangu Tausi, wa Kigoma.

"Kaka, uko wapi? Wazee wa posa wamekaa, wanataka neno la mjomba. Usipokuwepo wanaondoka, na Shamsa wangu anabaki hivi hivi."

Nilikuwa nimesahau kabisa. "Niko njiani," nikasema. "Naikaribia Tabora."

Mara nimesimama porini, katikati ya mizinga ya nyuki.

"Mbona hapa si mjini?" nikaiuliza simu.

"Umesema unaikaribia," ikajibu. "Mimi nafuata maneno ya mteja."

Nikaiheshimu. Treni haijawahi kunisikiliza namna ile.

Tausi akapiga tena. "Kaka, mshenga ameshavaa kiatu kimoja."

"Mwambie avue. Nimefika zamani, hata nyumba yenu nimeshaipita."

Hapo nilizidisha. Naona soko, kina mama wanauza mawese, wanaongea Kirundi. Nimeipita nyumba, nimeupita na mpaka.

"Nirudishe Kigoma," naiambia simu.

"Chaji iliyobaki ni ya kuongea tu, mteja. Ya kubeba mtu haipo."

Basi nikasema ukweli. "Tausi, nipo Burundi."

"Burundi unafanya nini?"

"Niweke spika, wazee wanisikie."

Simu yangu nayo ikajiweka spika bila kuombwa. Soko likanyamaza. Dumu moja la mawese likajifungua kifuniko lisikie vizuri.

"Mjomba mtu," akasema mshenga, "tunaomba ua katika bustani yenu. Unatupa, hutupi?"

"Ua lenyewe linasemaje?"

"Mjomba, kubali upesi," ikaja sauti ya Shamsa, "hiyo chaji itaisha."

"Nimekubali. Mchukueni."

Kina mama wa sokoni wakapiga vigelegele, Kigoma wakavipokea, na dumu likatoa chake kizito kizito. Zamani ningetuma telegramu, ifike wakati mtoto wa Shamsa anaanza shule.

Simu ikazima. Nikaamka.

Niko kitandani Tanga, mlango umefungwa kwa ndani. Simu iko chini ya mto, imezima. Nikaichomeka kwenye umeme. Ilipowaka tu ukaingia ujumbe wa mtandao: Karibu Burundi. Tunakutakia safari njema.

Nimeufuta haraka. Mke wangu akiuona, ataniuliza nilikwenda na nani.