Mluzi Usiotoka Kwenye Mashine

Jumanne, tarehe 9 Juni. Kulipambazuka kwa manyunyu, na ukungu ukagoma kuondoka juu ya mabati ya kinu. Ndani, wasagaji walikaa kwenye magunia wakimsubiri bosi. Damu ilikuwa imeshaoshwa, lakini hakuna aliyetaka kuisogelea mashine.

Mashine ya kusagia ikizimwa hainyamazi papo hapo. Nyundo zake za ndani, zinazoponda nafaka, huendelea kuzunguka kwa kujikokota, zikitoa mluzi mwembamba. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Fundi huegemeza ncha moja ya nondo kwenye kifuniko, nyingine nyuma ya sikio lake, anasikiliza, kisha anasema, "Imelala." Kabla ya neno hilo, hakuna anayeingiza mkono kusafisha.

Msikilizaji alikuwa mzee mmoja waliyembandika jina la Sikio. Aliianza kazi hiyo kabla hajaota mvi.

Mwaka uliopita mluzi ulimfuata nyumbani. Mchana, katika makelele, hakuusikia. Lakini akipiga magoti kusali, chumba kikitulia, unaanza, mkavu, usiopumua. Alimwomba Mungu auondoe, haukuondoka. Akachomoa friji.

"Baba, friji umeionea bure," mkewe alisema. "Mimi sisikii kitu."

Daktari wa masikio hakumzungusha. Kelele za miaka mingi zilikuwa zimeharibu vinyweleo vya ndani ya sikio. Ubongo, ukikosa sauti uliyoizoea, unajitungia yake.

"Si pepo, wala si wazimu," alisema. "Huenda usiishe, ila utauzoea. Lakini kazini waambie."

Hakuwaambia. Angewaambiaje, na jina lenyewe ni Sikio? Alijifunza tu kuutoa mluzi wake kwenye hesabu: huu wangu, si wa mashine. Na kila siku alishukuru kwamba hakuna aliyejua.

Jana aliegemeza nondo, akasikia mluzi. Huu wangu, akajiambia.

"Imelala."

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akafungua kifuniko huku akicheka. "Umechukua muda, Sikio. Ulikuwa unasikiliza mpaka ndoto zake?"

Akaingiza mkono.

Sasa bosi aliingia akikung'uta mwavuli. "Poleni. Lakini tuseme ukweli, yule ana haraka zake. Alifungua kabla hajaambiwa. Mzembe simlipii matibabu, na kazini asirudi. Ndivyo ilivyokuwa, Sikio?"

Wasagaji waliinamisha vichwa. Wote walikuwa wamelisikia lile neno.

Mlangoni alisimama mke wa Sikio, ametoka hospitali, fulana ya mdogo wake imekunjwa kwapani.

"Vidole vyote vimekwenda, kasoro gumba," alisema. "Ananiuliza, 'Dada, si shemeji alisema imelala?' Nimemwambia nitakuuliza."

Kinu kikawa kimya kabisa, na katika ukimya ule mluzi ukapanda kichwani mwa Sikio, mkali kuliko siku zote. Alifumba macho. Safari hii hakuomba uondolewe. Aliomba mdomo ufunguke.

"Nilisema," akatamka. "Hakukosea. Mluzi niliusikia, nikadhani ni huu wa kichwani mwangu. Ninao mwaka mzima. Daktari aliniambia niwaambie, nikaona aibu."

"Unajua unachokisema?" bosi aliuliza. "Nikiandika hivyo, kazi huna."

"Andika. Na yeye mlipie matibabu."

Mkewe alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Mwaka mzima," alisema polepole. "Na mimi ukaniacha nidhani ni friji."

Sikio alimkabidhi msagaji wa karibu ile nondo, akainua mikono yote miwili ili waione.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, neno lile sitalisema tena kwenye mashine yoyote. Na maadamu ninayo mikono hii, mmoja ni wa shemeji yangu. Mkono huo utamfanyia kazi mpaka nife."