Kiuno cha Bibi Harusi

Shangazi alikuwa fundi cherehani wa kusifiwa, ila kuandika namba ikakaa peke yake hakuweza. Lazima aisindikize. Kwenye kisanduku cha kiuno, pale programu yake ya kompyuta ya kuchorea vipimo vya nguo ilipongoja namba tu, aliandika "74 akivuta pumzi", akabonyeza kitufe, na programu ikajifunga yenyewe huku mteja amesimama mikono juu.

"Injinia," alimwita mpwa wake aliyeitengeneza, maana ukoo mzima ulishambandika jina hilo, nusu sifa nusu utani. "Ikizima tena mbele ya mteja, narudi kwenye chaki yangu."

Injinia alirudi kwenye kompyuta. Miezi yote ile ya kukodolea macho skrini, halafu ashindwe na chaki? Akachukua njia ya mkato: chochote ambacho programu haiwezi kukigeuza kuwa namba, ikihesabu kuwa sifuri, iendelee na kazi. Kweli haikuzima tena. Alitembea kifua mbele mpaka Shangazi alipomwonyesha karatasi ya kukatia gauni la harusi, imetoka kwenye printa sasa hivi. Kiunoni, mistari miwili ilikuwa imekutana.

"Nieleze, mwanangu. Huyu bibi harusi ni mtu au sisimizi?"

"Kwani uliandika nini, Shangazi?"

"Ukweli. 'Themanini, ila ana wasiwasi.' Na mkasi nilishaushika."

Injinia aliona haya kwelikweli. Kuzima kulikuwa aibu tu. Huku kunyamaza na kudanganya kungeharibu kitambaa cha watu. Akaandika upya. Programu ijaribu kwanza. Ikishindwa, isizime wala isibuni, iache maneno ya mtu yalivyo, ipake kisanduku rangi nyekundu na kuomba namba kwa heshima. Pembeni akaongeza kisanduku cha maneno, kwa sababu alimjua shangazi yake.

Siku ya kujaribu, Shangazi alimpima Injinia mwenyewe, akaandika "68 tu, masikini". Kisanduku kikawa chekundu: *Hapa naomba namba tu. Maneno yaweke pembeni.*

"Sasa ina adabu," Shangazi alisema, akairudisha chaki kwenye droo. Akaacha 68 peke yake, kisha akahamia pembeni, akachapa polepole kwa kidole kimoja.

Karatasi ikatoka, kiuno mahali pake. Chini kabisa Injinia akasoma: *Acha nafasi. Amekonda kwa kunihangaikia, na mimi nitamlisha.*