Maji ya Gari ya Komanda

Jumatatu asubuhi fundi Ananie alipasua gunia jeupe la unga, akalitandika chini ya injini ya gari ya Komanda, akaweka jiwe kila pembe ili upepo usilifunue, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi, gunia lilikuwa kavu. Alama pekee juu yake zilikuwa za miguu ya kuku. Alifungua radiatere, tangi la maji ya kupoza injini, akatia kidole: maji yalikuwa pale pale shingoni, alipoyaacha.

Kwa hiyo ikisimama haivuji. Lakini kila ilipokwenda Eringeti na kurudi Butembo, ilirudi na radiatere tupu, kavu kama sahani iliyolambwa na mbwa, na injini inatokota bila maji ya kutokota.

Ilikuwa gari ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika. Ilitembea Dubai miaka minane, ikashuka Mombasa, ikaingilia mpakani Kasindi, ikawa taksi ya mfanyabiashara mmoja kwenye njia ya Beni na Eringeti, kisha ikawa ya Komanda. Ilitokaje kwa mfanyabiashara ikafika kwa Komanda? Haya ni ya mwaka wa elfu mbili na moja, watu wa bunduki wameshika mji tangu miaka ya nyuma, na vitu vya watu vilikuwa na tabia ya kuhama. Aliyeuliza sana alihama navyo.

Komanda huyo aliitwa Zorobabel. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hakumpiga mtu kwa mkono wake, kwa sababu alikuwa na watu wa kazi hiyo.

"Mekanisien," alimwambia Ananie, "gari yangu inakunywa maji kupita askari wangu bote. Mpaka Ijumaa nataka kujua maji inaenda wapi. Kama hapana, utafikiria muzuri ndani ya shimo."

Shimo lilikuwa nyuma ya kambi, limefunikwa mbao. Kila mtu Butembo alilijua, na watu walilizungumzia jinsi wanavyozungumzia mvua.

Ananie akaanza kazi. Alikagua kifuniko cha radiatere, kikabana vizuri. Alikagua mipira yote, mmoja mmoja, kwa vidole na kwa mate. Aliangalia pompi ya maji, haina hata jasho. Aliinua zulia la ndani upande wa abiria kutafuta unyevu, akakuta kavu. Alichomoa kijiti cha oili: oili nyeusi safi, haikugeuka maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yanaingia huko. Aliwasha injini akanusa moshi, moshi haukuwa mweupe. Kisha akachukua kifaa chake mwenyewe, kifuniko cha zamani alichokilehemea kidude cha kutilia tairi upepo, akakifunga kwenye radiatere na kuipiga upepo kwa pampu ya baiskeli. Upepo ukakaa mle ndani tangu saa tatu mpaka saa saba bila kupungua. Gari nzima kama hiyo hakuwa ameikuta tangu vita vianze, na jambo hilo lilimuudhi.

Saa saba Orpa alimletea chakula. Orpa alikuwa mke wa Maliro, kaka yake Ananie. Maliro alikwenda Eringeti kununua maharage mwezi wa tatu wa mwaka uliotangulia, akapanda taksi pale Beni, na hakuna aliyemwona tena. Tangu hapo Orpa alikuwa anafulia watu nguo. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Wazee wa ukoo walisema hakuna kukaa matanga bila mwili, wangoje, na kungoja kwenyewe kulikuwa kumefika miezi kumi na minne. Hakuomba mengi. Alitaka mifupa ya mume wake ilale nyuma ya jikoni, karibu na baba yake, watu waje wakae kwenye moto siku zao, walie, waondoke. Basi.

"Shemeki, unanuna," Orpa alimwambia.

"Maji inaenda, na sioni fasi inapita."

Orpa alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kifuko cha bluu ya kufulia. "Mi nikitaka kujua beseni inavuja wapi, natia hii ndani ya maji. Rangi haijifichaka."

Ananie alitazama kile kifuko, akaona aibu kidogo kwamba hakukifikiria yeye. Akakimimina chote ndani ya radiatere.

Jumatano waliondoka asubuhi, Komanda kwenye usukani, Ananie pembeni, askari wawili nyuma na bunduki zao. Beni walisimama, Ananie akaangalia: maji yamejaa, ya bluu kama sare ya shule. Oicha wakaangalia tena, yamejaa. Kilometa tisa kabla ya Eringeti, penye shamba la kakao lililoachwa, sindano ya joto ilipanda mara moja mpaka mwisho. Komanda alisimamisha gari. Ananie alifungua kapo ya injini, akashika kifuniko kwa kitambaa, akakifungua. Mvuke hakuna. Maji hakuna. Alilala chini akatazama tumbo la gari, hakukuta hata tone.

Akafanya alivyofundishwa, akatafuta rangi.

Rangi ilikuwa kwenye midomo ya watu saba waliokaa majanini, ukingoni mwa kakao. Walikaa kama abiria wanavyokaa kwenye taksi, watatu mbele, wanne nyuma, magoti yamebanana, ingawa nafasi ilikuwa tele. Wa tatu alikuwa Maliro, na ile fulana yake ya mistari.

"Wavukire, Ananie," Maliro alimsalimu kwa Kinande. "Batoto baliamuka muzuri?"

"Baliamuka, yaya," Ananie alimjibu kaka yake mkubwa. "Na Orpa pia."

"Maji ya leo mulitia nini?"

"Bluu ya kufulia. Nilikuwa natafuta fasi inatokea."

"Inachoma kidogo kwa koo. Siku ingine mutie ya kawaida."

Mwanamke aliyekaa nyuma yake, aliyeitwa Kavuo, mtu wa Kipese, mwenye kapu la viazi mapajani, alisema yeye haikumchoma, na mwenye kiu hachagui.

Ananie alichuchumaa mbele ya kaka yake. "Yaya, ilikuwa namna gani?"

Maliro alimweleza bila haraka. Pale palikuwa na kizuizi cha askari. Komanda aliitaka gari, na shofere akasema si yake ya kutoa. Komanda akaamuru shofere na abiria wafungiwe ndani, vioo juu, milango imebanwa kwa waya, mpaka wapate akili. Halafu akaenda Eringeti kula, huko akakuta rafiki zake, akasahau. Alisahau siku mbili. Jua lilikuwa kali kuliko kawaida ya mwezi ule, na askari wa kizuizi waliogopa kufungua bila amri. Walipofungua, waliwazika pale pale, chini ya kakao.

"Siku ya pili tulilamba vioo," Maliro alisema. "Na maji ilikuwa pale mbele, ndani ya radiatere. Tulikuwa tunaisikia. Ndiyo maji ya karibu tuliyokuwa nayo. Basi tunakunywaka hiyo."

Ananie alichukua kibidoni cha maji cha askari mmoja, akakiinamisha kwenye mdomo wa kaka yake. Maji yalipita, yakaanguka majanini, na mdomo ukabaki mkavu. Alijaribu kwa Kavuo, ikawa vilevile. Ni yale tu yaliyopitia injini ile yaliyokaa kooni mwao.

Komanda aliteremka, akafunga mlango taratibu, akaja akawatazama kama mtu anayekuta wageni wa jana bado wako sebuleni.

"Hawa bado bako hapa?" aliuliza. Kisha akamgeukia Ananie. "Basi si ile gasketi, joint de culasse."

"Hapana, Komanda."

"Muzuri. Nilikuwa naogopa ni injini."

Ananie alikuwa na ufunguo mkubwa wa chuma mkononi, na shingo ya Komanda ilikuwa karibu. Hasira ilimpanda mpaka meno yakamuuma. Nyuma yake askari wawili walikuwa wanamenya ndizi, bunduki mapajani. Mwenye nguvu mpishe, watu husema. Aliyesema hivyo hakuwa na kaka amekaa majanini na midomo ya bluu. Ananie alipisha. Alijaza radiatere kwa maji ya mtoni, wakarudi.

Sasa, Ananie alikuwa na desturi moja. Alijifunza ufundi kwa mapadri, na mapadri walimfundisha kwamba gari haitoki gereji bila karatasi: ugonjwa gani, umepima nini, sababu ni nini, na jina lako chini. Mafundi wengine walimcheka, wakamwita karani wa grisi. Yeye alijivuna nayo. Alhamisi akakaa juu ya tairi akaandika yote. Injini nzima. Hakuna tundu. Maji yananywewa na watu saba, kilometa tisa kabla ya Eringeti, nao ni hawa, akaandika majina yao saba kama Maliro alivyomtajia. Walifungiwa ndani ya gari hii siku mbili kwa amri ya mwenye gari. Aliamini kwamba jambo likishaandikwa na kutiwa jina, hata Komanda hawezi kulikana. Watu wa Butembo wanaamini karatasi. Ndilo kosa lao, na wamelirudia mara nyingi.

Komanda aliisoma mara mbili. Alichukua kalamu, akakata mstari wa mwisho, ule wa amri. Yaliyobaki akayapiga muhuri wa ofisi yake, wa rangi nyekundu, akasema ni kazi safi.

Ijumaa Ananie na Orpa walikwenda ofisini kwake kuomba ruhusa ya kuchimba. Orpa alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisema anajua sasa mume wake aliko, chini ya ile kakao, na anataka kumleta nyumbani na kumkalia matanga.

"Matanga ya nani?" Komanda aliuliza kwa upole. Alifungua dirowa ya meza akatoa ile karatasi. "Shemeki wako mwenyewe aliandika. Maliro anakunywa maji kila safari. Mutu anayekunywa maji ni muzima, mama. Nikiruhusu muchimbe mutu muzima, mutasema mi ni mutu wa namna gani?"

"Kama ni muzima, umurudishe."

"Hakuna mutu anamushika. Njia iko wazi."

"Uliwaua wewe," Orpa alisema. Hakupaza sauti. "Bote saba. Nakuambia macho kwa macho."

"Sema tu. Karatasi inasema ingine, na iko na muhuri." Akaongeza kwamba kumlilia mtu mzima ni kuchochea raia, kwa hiyo akisikia kuna moto wa matanga kwa Orpa, atatuma watu wauzime.

Orpa aliuwasha jioni ile ile. Majirani walikuja na vigoda vyao, wakaleta kuni, wakaanza kuimba. Askari wakaja na ndoo, wakazima moto, wakavunja vigoda, wakaondoka na sufuria la maharage. Kesho yake wake wa wale wengine, na mume wa Kavuo huko Kipese, walipelekewa kila mmoja nakala ya karatasi, kuwapongeza kwamba watu wao wako hai. Ndivyo dunia ilivyokuwa. Mkono uliobana waya ndio ulioshika kalamu, na kwa maandishi ya nani? Ya Ananie, fundi mwaminifu. Alijilaani kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Kifaransa, akaona lugha tatu hazitoshi.

Jumatatu Komanda alileta gari kubadilishiwa oili. Ananie alikuwa ameweka tayari mkebe wa mchanga aliouchota mto Kimemi. Konzi mbili ndani ya injini, na kabla ya kufika Beni vyuma vyote vingekuwa vimetafunana. Lile shimo la kambini alikwisha kulikubali. Alifungua kifuniko cha oili, akainua mkebe.

Orpa alikuwa amekaa pale juu ya tairi, na bakuli lake la chakula. Alimtazama.

"Shemeki," alisema, "ukiiua hii gari, bale batu batakunywa nini?"

Ananie aliufuata mzunguko wa maji kwa akili, bomba kwa bomba, mpaka mdomoni kwa kaka yake, akashusha mkebe. Orpa alikuwa analia sasa, bila kuficha uso, analia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akipiga goti lake kwa ngumi.

Alimwaga mchanga barabarani. Alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, isije ikabaki hata chembe. Akatia oili mpya, bora aliyokuwa nayo, ile aliyokuwa amemwekea mteja mwingine. Akakaza mkanda, akasafisha chujio, akabadilisha mpira mmoja wa radiatere ambao ulikuwa bado unafaa miezi sita. Kisha akaenda na bidoni mpaka kwenye chemchemi iliyo juu ya mtaa, ambapo maji ni baridi na hayana udongo, akarudi akiyachuja kwa kitambaa safi cha Orpa, akajaza radiatere mpaka shingoni.

Komanda alikuja saa tisa. "Iko tayari?"

"Iko tayari, Komanda. Hakuna gari nzima kama hii Butembo yote."

Ilikuwa kweli. Komanda alimpa mkono, akawasha injini, akashika njia ya Beni. Ananie alibaki kando ya barabara, kofia kifuani, akimwomba Mungu kwa hasira yote aliyokuwa nayo kwamba gari ile ifike salama.