Siku Nilipomshinda Mzee Twaha

"Umenishinda, kijana," alisema Mzee Twaha. Kisha akafunga mdomo wa kiroba chetu cha usipa na kukisukuma polepole kwa mguu, kikarudi upande wetu.

Kwa mujibu wa mafunzo yangu, hapo nilipaswa kuinama kidogo na kungoja makofi. Nikainama. Wapagazi wawili waliokaa juu ya magunia ya mahindi wakapiga makofi kweli. Mama mdogo Ottilia hakupiga. Alikuwa anakitazama kile kiroba kama mtu aliyerudishiwa barua yake bila kufunguliwa.

Niruhusiwe kueleza, kwa heshima zote ninazostahili. Nilikuwa kidato cha tano, shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Mbinga, mpingaji mkuu wa klabu ya midahalo. Katika wiki moja nilithibitisha kwamba uji ni haki ya binadamu, kisha kwamba si haki, mbele ya watu walewale. Nililishawishi pia bweni zima kwamba viatu vya mwalimu wa zamu vinahitaji likizo. Vilikutwa juu ya paa la bwalo, vimepumzika. Hukumu ilikuwa kung'oa visiki viwili. Sikukata rufaa.

Sifa hizo zilifika mpaka Liuli, ambako mama mdogo alikausha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, juu ya chanja nane alizozijenga mwenyewe. Pale ufukweni watu walinunua kwa bakuli, siku wanayojisikia. Mzee Twaha, mwenye ghala mjini, alipeleka bidhaa madukani mpaka Songea. Akikubali, chanja zinabaki. Akikataa, mama mdogo anamwachia jirani chanja na kurudi kijijini Ruanda, hukuhuku Mbinga, kwa kaka yake, kuchuma kahawa. Hilo alinieleza mara moja tu, huku anafunga kanga.

"Ninyi si mnafundishwa kubishana?" aliniuliza. "Nifundishe. Mimi nikisimama mbele ya mtu mwenye kalamu mfukoni, maneno yananikimbia."

Jumamosi mbili akapanda basi kuja shuleni, tukafanya mazoezi nyuma ya bwalo. Mimi nilikuwa Mzee Twaha, tumbo nimelijaza shuka.

"Masika usipa hawakauki, mama. Utaniletea nini, mchuzi?"

Alicheka. "Hapo nimjibuje?"

"Usikubali. Ukikubali hoja ya mpinzani, umekufa."

"Na kama anasema kweli?"

"Hapo ndipo unapoongeza sauti."

Siku yenyewe, kule ghalani, mama mdogo alianza vizuri. Alimwamkia mzee, akaeleza chanja zake, akafungua kiroba. Mzee Twaha akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile lile la masika. Mama mdogo akanigeukia. Nikasimama.

"Naomba kumpa taarifa mzee wangu," nikasema. Je, yeye hufunga ghala mvua ikinyesha? Na usipa aliowauza mwezi wa pili walikaushwa na jua la nani? Nikataja paa la nailoni juu ya chanja, paa ambalo halikuwapo ila kichwani mwangu. Nikataja wataalamu. Wapagazi wakacheka. Ndipo aliposema nimemshinda.

"Asanteni kwa kuja," akaongeza. "Safari njema."

Sikuelewa. Ameshindwa yeye, mbona tunaoonyeshwa mlango ni sisi?

"Mzee," mama mdogo akasema, "huyu mtoto anakudanganya. Paa la nailoni sina. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, nusu ya usipa wangu wanaoza. Wewe ndiye umesema kweli." Kisha akanigeukia. "Pankras, umewahi kugeuza usipa walionyeshewa? Unaijua harufu yao?"

"Hapana, mama mdogo."

"Basi kaa."

Nikakaa juu ya mahindi. Kwenye mdahalo, anayehamia upande wa pili katikati ya hoja hutolewa nje. Nilingoja atolewe.

Mzee Twaha akakifungua tena kiroba. Akachukua usipa mmoja, akamvunja karibu na sikio, akamtafuna.

"Mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja?"

"Hiyo nakuhakikishia."

"Magunia mangapi kwa wiki?"

"Sita. Saba siwezi."

"Lete sita." Akanitazama. "Na huyu abaki shule."

Njiani kwenda stendi mama mdogo alitembea haraka, akicheka peke yake. Tulipofika akasimama.

"Kwani mimi mle ndani nilikuwa upande gani?"

Nikainua mkono kumhesabia hoja tatu. Ya kwanza niliipata, nikakunja kidole. Ya pili, nilipoikunja, ilipingana na ya kwanza. Basi likapiga honi. Akapanda bila kungoja jibu, akaniangalia dirishani, nami nikampungia kwa mkono uleule, vidole viwili bado vimekunjwa.