Miale ya Alhamisi

Mpangaji wetu pale Temeke, Mwalimu Ansbert, alikuwa na chupa ya jamu aliyoipenda kuliko chakula. Ndani yake alitundika kwa waya vipande viwili vya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Akisugua kitana kwenye sweta na kugusa ule waya, vipande vinaachana kama mke na mume waliogombana, kisha vinarudiana polepole. Msuluhishi, alisema, ni miale itokayo angani.

"Wataalamu walianza na vikaratasi kama hivi," alinieleza. "Mmoja akapanda navyo puto, vikalegea upesi zaidi huko juu. Siku hizi Ulaya wana mirija. Mwale ukipita, inalia tik!"

"Na sie Temeke tuna chupa ya jamu."

"Cheka tu, Sadallah. Jumamosi natuma daftari langu Makerere, naomba nafasi ya kusoma sayansi. Hata wenye mirija hawajui nilichogundua: kila Alhamisi jioni miale huzidi!"

Miezi minne ya vipimo, kwa wino mwekundu. Alhamisi ilipofika nikaenda kuishuhudia hiyo miale.

Vipande vikaachana. Mara mama yangu, Bi Mwanakombo, akaingia na chetezo cha udi, kama afanyavyo chumba kwa chumba kila mkesha wa Ijumaa. Akakiweka chini ya meza yenye chupa, wapangaji nao wasikose baraka. Ansbert akapunga moshi kwa mkono, macho kwenye saa.

"Umeona? Vimeshaanguka!"

"Mwalimu, na huo moshi?"

"Chupa ina kifuniko."

"Waya je? Si umetokeza nje?"

Akainama, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye chetezo. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba, "Bi Mwanakombo, naomba utufukizie tena kesho asubuhi."

"Ijumaa asubuhi? Udi wenyewe umekwisha, mwanangu."

"Makaa matupu yanatosha."

Yakatosha. Vipande vikaanguka upesi vilevile, bila hata harufu.

Nilidhani atalichoma daftari. Badala yake aliongeza ukurasa mmoja, "Kosa la Chetezo", akaeleza yote: si miale iliyozidi Alhamisi, ni hewa ya moto wa makaa iliyonyonya umeme wa waya; akalituma Jumamosi ileile.

Baada ya wiki saba wakamwita akahojiwe. Barua ilikuwa na swali moja: chetezo kilikuwa umbali gani kutoka kwenye waya?

Mama akamfungia chetezo kwenye mzigo. "Kawapimie mwenyewe," akasema. "Ila nirudishie kabla ya Alhamisi."